Bweha Lasita: namna ya kuchora kiumbe kutoka kwenye tangazo la treni ulilosikia visivyo

Nilikuwa nimesimama jukwaani, begi miguuni, treni imeshaingia lakini milango haijafunguliwa. Spika ikakohoa, kisha sauti ya mama mmoja ikasema, kwa utulivu kabisa: "Abiria, bweha lasita, subirini nyuma ya mstari wa njano."

Bila shaka alisema "Abiria wa behewa la sita." Nililijua hilo baada ya sekunde mbili tatu. Lakini ndani ya sekunde hizo nilikuwa nimeshamwona: bweha mkubwa kama behewa, amesimama kwenye reli, mguu mmoja wa mbele ameuinua, hajui kama aende au asiende, na sisi abiria tunaombwa tumpe nafasi aamue. Picha niliyoichora kutokana na sentensi ile ndiyo ninayoipenda kuliko zote nilizowahi kuchora, na tangu siku hiyo nimechora nyingine nyingi kwa njia hiyo hiyo. Nitakueleza njia yenyewe hatua kwa hatua, nikimtumia bweha huyu kama mfano tangu mwanzo hadi mwisho.

Kwa nini stesheni ni mahali pazuri pa kusikia vibaya

Konsonanti nyingi, hasa s, f, t na k, hubebwa na masafa ya juu ya sauti na zina nguvu ndogo. Irabu ziko chini zaidi na zina nguvu kubwa. Spika hafifu hukata masafa ya juu, kelele za injini na magurudumu hufunika yaliyobaki, na kinachokufikia ni mfuatano wa irabu wenye konsonanti za kubahatisha. Ongeza mwangwi wa paa na kuta. Ongeza pia umbali wa spika zenyewe: sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo spika iliyo mita 34 zaidi kutoka ulipo itakuletea neno lile lile likiwa limechelewa sehemu ya kumi ya sekunde, juu ya neno linalofuata.

Ubongo nao haukubali pengo. Mwaka 1970 mwanasaikolojia Richard Warren aliondoa sauti moja katika sentensi iliyorekodiwa na kuweka kikohozi mahali pake. Wasikilizaji waliisikia ile sauti isiyokuwepo kana kwamba imetamkwa, na hawakuweza kuonyesha kwa usahihi kikohozi kilitokea wapi. Ndicho kinachotokea jukwaani. Sikio halinyamazi, hujaza, na hujaza kwa maneno halisi ya lugha unayoijua. Ndiyo maana sentensi iliyosikiwa vibaya mara nyingi huwa na sarufi safi. Shika jambo hili, kwa sababu hatua ya pili yote imesimama juu yake.

Leonardo da Vinci aliwashauri wachoraji watazame kuta zenye madoa na mawe ya rangi mchanganyiko, wakitafuta humo milima, vita na nyuso. Katika ushauri huo huo aliligusia sikio: katika milio ya kengele, alisema, utapata jina lolote na neno lolote unaloweza kulifikiria. Wengi hulikumbuka doa la ukutani na kuisahau kengele. Mimi nadhani kengele ndiyo yenye utajiri zaidi, maana doa hukupa umbo tu, ilhali neno hukupa umbo, tabia na kisa kwa pamoja.

Vifaa

Daftari dogo la mfukoni na penseli kwa ajili ya stesheni. Kwa mchoro wenyewe: karatasi ya A3 ya gramu 300 kwa mita ya mraba kama utatia rangi ya maji (nyembamba zaidi hujikunja), penseli za HB na 2B, kifutio laini, rula, kalamu ya wino usioyeyuka kwa maji, brashi ya mviringo na rangi chache. Basi. Usingoje vifaa bora. Mchoro wa kwanza wa bweha wangu niliuchora kwa kalamu ya kawaida nyuma ya karatasi ya risiti.

Hatua ya kwanza: andika ulichosikia kabla hujakisahihisha

Kosa la kusikia huishi muda mfupi sana. Ukishalijua neno la kweli, sikio hubadilika na kulisikia hilo tu. Hata ukijaribu kurudi nyuma, lile la kwanza limeshapauka. Kwa hiyo andika mara moja, herufi kwa herufi, bila kuuliza jirani. Andika hata silabi zisizo na maana. Weka alama mahali sauti ilipotua, kwa sababu mtuo mmoja unaweza kugeuza kila kitu: "abiria wa behewa la sita" haina mtuo, lakini "abiria, bweha lasita" inayo, na mtuo huo ndio uliomtoa bweha ndani ya behewa na kumweka mbele ya abiria.

Chini yake andika mstari wa pili: tangazo la kweli, ukilijua. Mistari hii miwili usiitenganishe. Utaihitaji yote. (Na kama treni inayotajwa ni yako, ukishaandika angalia ubao wa safari au muulize mhudumu. Mchoro utakungoja, treni haitakungoja.)

Usijilazimishe kusikia vibaya. Maneno ya kutunga huonekana. Yana ujanja mwingi mno. Kaa tu mbali kidogo na spika na uache akili ifanye kazi nyingine, kama kusoma au kuhesabu chenji. Sikio lisiloangaliwa ndilo linalokosea vizuri.

Hatua ya pili: iulize sarufi

Hapa ndipo ninapotumia muda mrefu kuliko popote, na ndipo wachoraji wengi wanapopita haraka. Wanasikia "bweha" na kukimbilia kuchora bweha. Lakini sentensi imekwisha kukuambia mengi kumhusu huyu mmoja.

Tazama kitenzi. Bweha wa kawaida, kiumbe hai wa ngeli ya a-wa, angesemwa "bweha asita" au "bweha anasita". Mimi nilisikia "lasita". Kiambishi hicho ni cha ngeli ya li-ya, ngeli tunayomtia kiumbe tunapotaka kumkuza: mtu akawa jitu, nyoka akawa joka, mbwa akawa jibwa. Kumbe sikuhitaji kubuni ukubwa wa mnyama wangu. Sarufi ilikuwa imeshaniambia kwamba ni bweha-jitu. Ningesikia "kibweha chasita" ningechora kiumbe wa kukaa kiganjani, pengine anayeishi ndani ya spika yenyewe.

Kisha njeo. "Lasita" si "lilisita" wala "litasita". Linasita sasa hivi, mbele yetu. Kwa hiyo mchoro lazima ushike tukio lenyewe: mguu ulioinuliwa, uzito ambao haujahamia mbele. Hauwezi kuwa picha ya bweha aliyelala.

Kisha kitenzi chenyewe. Kusita si kuogopa, wala si kukataa. Anayesita ana njia mbili mbele yake na zote zinamvuta. Hii ni tabia, na tabia huamua uso. Nimewahi kuona michoro ya viumbe wa kubuni yenye manyoya, mabawa na pembe za kila aina, lakini kiumbe mwenyewe hataki kitu chochote. Mchoro wa namna hiyo haudumu machoni.

Mwisho, tazama yaliyosalia katika sentensi. "Subirini": kuna watu, nao wanajua kungoja. "Nyuma ya mstari wa njano": kuna mstari. Usiutupe. Hadi hapa tuna jitu la bweha, tendo, hisia, mashahidi na rangi moja, na vyote vimetoka katika maneno tisa ya kusikiwa vibaya.

Jaribu na mfano mwingine kabla hujaendelea. Ndani ya treni unasikia "kiatu kinachofuata" badala ya "kituo kinachofuata". Ngeli ya ki-vi imebaki ile ile, kwa hiyo sentensi imesimama vizuri kabisa: kiatu, kimoja, kinafuata. Kinamfuata nani? Kiko wapi cha pili? Au "msiache mizigo yenu" inakuwa "msiache mizinga yenu", na sasa kila abiria amebeba mzinga wa nyuki mapajani. Huyu wa pili si kiumbe mmoja, ni kundi, na wingi wake umetoka kwenye "mi-" na "yenu". Sarufi kwanza, penseli baadaye.

Hatua ya tatu: mjue mnyama wa kweli

Mwaka 1515 mchoraji Mjerumani Albrecht Dürer alichora kifaru aliyeletwa Lisbon, bila kumwona kamwe. Alikuwa na maelezo ya maandishi na mchoro wa mtu mwingine. Akampa ngozi ya mabamba kama deraya na pembe ndogo ya ziada mgongoni. Mchoro huo una makosa, lakini kwa karne kadhaa watu waliuamini, na sababu moja ni kwamba kila bamba limechorwa kana kwamba mchoraji aliligusa. Uzito wa kitu kisichokuwepo hutokana na uhakika wa vitu vilivyopo kando yake.

Kwa hiyo mtazame bweha. Pua yake ni nyembamba kuliko ya mbwa wengi, masikio ni makubwa na yamechongoka, miguu ni myembamba, mkia una manyoya mengi. Hutembea kwa vidole. Kile kinachoonekana kama goti lililopinda kinyumenyume katika mguu wa nyuma ni kisigino; goti la kweli liko juu, karibu na tumbo. Ukikosea hapa, mnyama wako ataonekana amevunjika, na hakuna rangi itakayomponya. Miguu ya mbele ina vidole vitano, kimoja kikiwa juu hakigusi ardhi. Ya nyuma ina vinne. Mboni ya jicho ni ya duara.

Mnyama wa jamii ya mbwa anaposita, hufanya mambo machache yanayotambulika haraka: huinua mguu mmoja wa mbele na kuukunja, huvuta uzito kwenye miguu ya nyuma, hushusha kichwa hadi usawa wa mabega, hufunga mdomo, na masikio hugeuka pande tofauti, moja likisikiliza mbele na jingine nyuma. Hilo la masikio lilinifurahisha mno nilipoliona. Njia mbili, masikio mawili.

Wako pia bweha wenye mstari mweupe ubavuni. Nilipokumbuka hilo, mstari wa njano ukapata mahali pake: hauko jukwaani, uko kwenye mwili wake.

Hatua ya nne: vijipicha

Gawa ukurasa mmoja katika visanduku kumi na viwili vya ukubwa wa stempu kubwa. Katika kila kimoja mchore kiumbe mzima kwa dakika mbili, ukijaza umbo kwa weusi mtupu, bila jicho wala unyoya. Kama weusi huo peke yake haukuonyeshi kwamba ni bweha na kwamba anasita, mkao haujakaa.

Vitatu vya kwanza vitakuwa vile ambavyo mtu yeyote angechora: bweha aliyevaa magurudumu, treni yenye kichwa cha bweha, na kadhalika. Vichore uviondoe njiani. Mimi nilimpata wangu katika kisanduku cha tisa, pale nilipoacha kumfanya treni na kumfanya mnyama ambaye watu wamezoea kupanda.

Hatua ya tano: vipimo

Behewa la abiria aghalabu huwa na urefu wa mita 20 hadi 26 na upana wa karibu mita 3. Bweha wa kweli ana mwili mrefu kama mara mbili ya kimo cha mabega yake, kwa hiyo bweha wa mita 20 angekuwa na mabega ya mita 10, juu kuliko paa la jukwaa. Nilijaribu, akageuka kuwa mnyama wa kutisha, na sentensi yangu haikuwa ya kutisha. Nikamrefusha kiwiliwili na kuifupisha miguu. Hapa ni lazima uamue mwenyewe. Ninachokuomba ni kwamba uamue kwa sababu ya sentensi.

Kwenye A3 iliyolazwa, ambayo ina sentimita 42 kwa 29.7, fanya sentimita 1 iwe mita 1. Piga mstari wa reli karibu na chini ya karatasi. Tumbo liwe sentimita 3 juu ya reli, mgongo sentimita 7, ncha za masikio sentimita 11. Kiwiliwili kiwe na sentimita 20, kichwa na shingo 7, mkia 8. Mtu mzima atakuwa na sentimita 1.7 hivi. Chora mtu mmoja mapema, hata kwa mistari tu, kwa sababu bila yeye jicho halitajua kama hili ni jitu au kijibwa.

Anza na maumbo mepesi: yai refu la kifua, yai dogo la nyonga, mstari wa uti wa mgongo unaoyaunganisha, kisha pembetatu ya kichwa. Uti wa mgongo uteremke kidogo kuelekea mbele. Mteremko huo ndio unaobeba kusita kote.

Na nyayo? Reli za kipimo cha kawaida zimeachana milimita 1,435, yaani chini ya nusu ya upana wa mnyama wangu. Basi miguu yake lazima iingie ndani, kila unyayo juu ya reli yake. Bahati njema, bweha akikimbia polepole nyayo zake huwa karibu kuingia katika mstari mmoja. Amezaliwa kwa ajili ya kazi hii.

Hatua ya sita: muungano

Hapa unaunganisha mstari wa kwanza na wa pili wa daftari lako: ulichosikia na kilichosemwa. Bweha amelimeza behewa, na alama zake ziko chache. Nilijiwekea mwiko wa kutozidisha vitu vitatu vya treni, nami naupendekeza. Madirisha yamekaa kati ya mbavu, yakifuata mpindo wake badala ya kunyooka. Mstari wa njano unapita ubavuni, na abiria wako nyuma yake, yaani ndani. Mlango uko nyuma ya bega. Kwa kuwa tumbo liko mita 3 juu, mnyama huyu hana budi kulala kifudifudi kila kituo ili watu wapande, na nilipofika hapo nilielewa anasita kwa nini: akilala, kuna atakaowaacha, asipolala, kuna watakaokosa kushuka. Sikulipanga hilo. Lilitoka kwenye mlango.

Magurudumu, taa, bomba la moshi na namba za behewa niliviacha vyote. Kila kimoja kilikuwa kizuri peke yake, na kila kimoja kilimvuta arudi kuwa mashine.

Hatua ya saba: wino na rangi

Anza na jicho. Likikataa, bado hujapoteza kazi kubwa. Acha doa dogo jeupe kwenye mboni, upande unakotoka mwanga. Manyoya yapige kwa mistari mifupi inayofuata umbo la mwili, ikikaribiana kwenye kivuli na kuachana kwenye mwanga. Usijaribu kuchora kila unyoya. Weka mistari minene zaidi kwenye miguu ya nyuma, kwa kuwa ndiko uzito uliko, na myembamba kabisa kwenye mguu ulioinuliwa. Acha wino ukauke vizuri, ndipo ufute penseli.

Rangi za mwili ziwe za vumbi: hudhurungi, kijivu, mchanga. Njano itumike mahali pamoja tu, kwenye mstari. Ukiitia pia kwenye macho au madirisha, mstari utapoteza sauti yake, na tangazo lilikuwa linauhusu mstari. Tia rangi nyepesi kwanza, ngoja ikauke, kisha ongeza tabaka la pili kwenye kivuli. Kivuli cha tumbo kianguke juu ya reli na mataruma; bila hicho mnyama ataelea.

Kama rangi itachuruzika, usiisugue. Bonyeza kitambaa kikavu juu yake, inua, acha ikauke. Doa langu kubwa kuliko yote liligeuka kuwa mvuke wa pumzi zake.

Hatua ya nane: maneno

Andika sentensi uliyosikia mahali fulani kwenye picha, kwa herufi ndogo, pasipo maelezo. Mimi niliiweka kwenye kibao kinachoning'inia chini ya spika, jukwaani. Usiandike tangazo la kweli upande huo. Msomaji wa Kiswahili atasoma "bweha lasita", atatabasamu, kisha midomo yake itaanza kutafuta behewa yenyewe, na utaiona ikifanya hivyo.

Tangazo la kweli liandike nyuma ya karatasi kwa penseli, pamoja na tarehe, saa na upande wa jukwaa uliposimama. Nyuma ya wangu pameandikwa pia kwamba treni iliondoka na dakika kumi na moja za kuchelewa, na kwamba milango ya behewa la sita ndiyo iliyofunguka mwisho.